Injinia Aliyeishia Kwenye Ngazi

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haja ya kulificha jambo hilo. Mke wangu husema hata mbuzi akinitazama sana namuuliza anataka nini. Lakini nyinyi mnaoketi sasa kwenye viti tulivyoviacha katika ofisi ya majengo pale Kisii, mnaopokea ramani na kuzipiga muhuri, mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, nami nawaambia kwamba kushuku ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Habari za vyeo na mishahara mtazikuta kwenye faili, kama panya hawajazimaliza. Mimi nitawapa habari za kuta.

Niliingia ofisini uhuru ukiwa bado mbichi. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa misheni, najenga madarasa na kurekebisha mapaa, kwa hiyo nilijua tofali lakini sikujua karatasi. Siku ya kwanza nilipewa stuli, rula ya T, wembe wa kukwangulia wino, na kona ya meza ya Mzee Wafula, mchoraji wa ramani kutoka Bungoma ambaye ndiye aliyenifunza kazi hii. Hakupoteza muda kwa salamu. Aliniwekea ramani mbele, bado inanuka ile dawa kali ya kuchapia, akaniuliza ina kosa gani. Nikapima, nikahesabu madirisha, nikasema sioni kosa. Akauliza kiwanja kiko wapi. Nikasoma: Manga. Akauliza kama nimewahi kufika Manga. Nikasema nimezaliwa karibu na hapo. Ndipo nikacheka mwenyewe, kwa sababu nyumba ile ilichorwa kama inayojengwa juu ya meza, na kiwanja chenyewe kiko ubavuni mwa mlima, mahali ambapo ndizi ikikuponyoka unaenda kuiokotea kwa jirani.

"Ukiletewa ramani," Mzee Wafula akaniambia, "kwanza uliza kama aliyeweka sahihi amewahi kukanyaga pale."

Hayo ndiyo masomo yote niliyopata kwake. Mengine yalikuwa namna ya kunoa penseli na namna ya kumwambia diwani hapana bila kumuudhi, na hilo la pili hakulijua vizuri hata yeye.

Miaka ile watu wa kuchora na kuhesabu majengo walikuwa wachache. Wazungu wengi walikuwa wakirudi kwao, Wahindi wengine wanafunga ofisi, na huku vijijini kila mtu anataka kujenga: shule, zahanati, duka la ghorofa. Sheria ilitaka jengo la ghorofa liwe na sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa na bodi kule Nairobi. Basi sahihi ikawa kitu cha kutafutwa kama chumvi. Kuna bwana mmoja wa Magwagwa aliyetuletea ramani safi ajabu, zina muhuri wa mhandisi mmoja Mzungu. Zilikuwa safi mno, nami kitu kikiwa safi mno huanza kukinusa. Nikamwambia ningependa kumwona huyo mhandisi. Akasema ana malaria. Baada ya majuma kadhaa nikauliza tena, akasema malaria imerudi. Kumbe Mzungu mwenyewe alikwisha kwenda zake kwao, akamwachia mpishi wake meza na kabati, na muhuri ulikuwa ndani ya kabati. Bwana wa Magwagwa alilinunua kabati. Tulipomwita hakuona aibu hata kidogo, alituuliza kama Mzungu angetaka muhuri wake si angeondoka nao.

Kwa hiyo mtaelewa tulivyofurahi alipokuja Injinia Ombongi.

Huyu alikuwa mtoto wa Gesima, wa familia ya majani chai. Alisoma ng'ambo, akafanya kazi chini ya wahandisi wakubwa miaka mingi, kisha bodi ikamsajili. Jina lake lilipotoka katika gazeti la serikali, mchungaji wao alilisoma kanisani siku ya Sabato baada ya matangazo ya kwaya, na watu wakasimama. Hatukuwa na mwingine. Mtu wa milima yetu akitaka sahihi ya ghorofa alikwenda kwa Ombongi, au apande basi hadi Kisumu akaombe watu wasiojua hata njia ya kuja huku. Na vijana wetu waliokuwa wakirudi na digrii hawangeweza kusajiliwa bila mhandisi aliyesajiliwa kuwaongoza na kuwashuhudia. Yeye ndiye aliyekuwa akiwashuhudia. Jina lile moja lilibeba watu wengi.

Mimi nilimshuku mwaka mzima, kama ilivyo desturi yangu. Nilimfuata kwenye viwanja bila kumwambia. Nilimkuta amepiga magoti kwenye tope na suti yake, anaingiza kidole kati ya vyuma kabla ya konkriti kumwagwa. Nilimkuta Nyamira sokoni anaamuru nguzo ivunjwe kwa sababu mchanga ulikuwa na udongo. Mwenye jengo analia, yeye anakunywa chai. Mwishowe nikachoka kumfuata. Cheti chake cha ukaguzi kikija mezani, nilikuwa napiga muhuri na kuendelea na kingine.

Miaka ya sabini ilipokuwa imeanza, akaja ofisini mwalimu mmoja wa kike, Mwalimu Kerubo, mpangaji katika ghorofa jipya pale Nyamira. Chini lilikuwa duka la vifaa, juu vyumba vya kuishi. Alitoa salamu zote, akauliza habari za nyumbani, ndipo akasema, "Bwana Makori, mlango yangu imekataa kufungika. Wakati niliingia ilikuwa inafungika mzuri."

Mtu mwingine angemwambia aite seremala. Lakini mlango unaofungika leo na kukataa kesho haujabadilika, kilichobadilika ni ukuta. Nilichukua timazi na pimamaji, nikapanda naye basi.

Ngazi ya jengo lile ilikuwa nje, upande wa nyuma, inaishia kwenye mlango mmoja. Ukiingia ndipo unapata ukumbi mwembamba na vyumba huku na huku. Mwenye nyumba, kijana mfanyabiashara aitwaye Mogire, alikuwa amekwenda kuleta bidhaa, nami nikaingia na mwalimu. Sikuhitaji pimamaji. Niliisikia sakafu kwa miguu. Ilikuwa imelala katikati kama kitanda cha kamba. Kwenye ramani tuliyopitisha, juu palikuwa na vyumba vichache vikubwa. Huku nikakuta vyumba vidogo vidogo vya kupangisha, kila kimoja kimezungushiwa ukuta wa tofali, na kuta hizo zimekaa juu ya slabu, ile sakafu ya konkriti, mahali ambapo hakuna bimu ya kuzibeba chini yake. Mwishoni mwa ukumbi limejengwa tangi la maji la konkriti. Nyufa zilikuwa zimeanza kutembea kutoka kwenye pembe. Nilishuka ngazi taratibu, nakanyaga kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Chini, dukani, hakukuwa na dalili yoyote. Dari ya mbao ilikuwa imefunika kila kitu, imepakwa rangi nyeupe, wakati kuta bado hazijapigwa lipu. Nikaiangalia dari ile kwa muda. Tangu lini mtu akaanza kupamba dari kabla ya kumaliza ukuta?

Nilirudi Kisii nikakitoa kwenye faili cheti cha jengo lile. Kilisema limekaguliwa ndani na nje, limejengwa kulingana na ramani. Sahihi ilikuwa ya Injinia Ombongi.

Sitawaficha, niliumia. Niliumia kama mtu aliyeibiwa na ndugu. Kisha kushuku kukarudi kwa nguvu zote na riba juu yake. Nikajiambia kumbe ndiyo hivyo, kule tunakoweza kumwona anapiga magoti kwenye tope, na kule tusikomwona anauza sahihi. Nikamweleza mkubwa wangu, mkubwa akaandikia bodi, na bodi ikajibu kwamba itatuma wahandisi wawili wasikilize, na kama ni kweli jina lake litaondolewa kwenye orodha ya waliosajiliwa. Kabla hawajafika nilitakiwa kulitembelea jengo pamoja naye, ili aonyeshwe kasoro na apate nafasi ya kujibu.

Tulikwenda kwa gari lake. Pale Nyamira alizunguka nje ya jengo, akatazama kuta, akaingia dukani, akaitazama dari. Kisha tukaenda nyuma, mimi nikapanda ngazi. Nilipofika juu nikageuka. Injinia alikuwa amesimama chini, mkono kwenye chuma cha ngazi, mguu mmoja kwenye kidato cha kwanza. Hakupanda.

Nikamwambia apande aone. Akasema niendelee tu, nimweleze ninachokiona. Nikawaza, huyu anaogopa kutazama uovu wake. Nikamwambia tena, safari hii kwa sauti ya ofisini. Hapo mlango ukafunguka nyuma yangu, akatoka mke wa Mogire, Kwamboka, amebeba beseni la maji. Alipomwona mzee aliyesimama chini aliweka beseni mara moja, akajifunika kichwa kwa kanga, akarudi ndani akaufunga mlango bila neno. Na mzee pale chini alikuwa ameshageuza uso, anatazama migomba.

Mimi ni Mgusii. Sikuhitaji kufafanuliwa. Kwetu kuna heshima tunayoiita chinsoni, na mojawapo ya makatazo yake ni kwamba baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Uwe Mkatoliki, uwe Msabato, uwe na digrii ya ng'ambo, huingii. Sisi hatuitani kwa majina ya ukoo kama wengine, na katika karatasi zote za jengo lile hapakuwa na mahali ambapo mtu angejua kwamba Mogire ni mwana wa Ombongi.

Nilishuka, tukaketi kwenye gari. Akanieleza bila kuulizwa. Alichora ramani yeye mwenyewe. Alisimamia msingi, nguzo, vyuma vya slabu, kila kitu alikishika kwa mkono. Ilikuwa imebaki kazi ya juu. Kabla hajarudi kuikagua, mwanawe alikwisha hamia na mkewe, akasema anazuia wezi wa simiti. Jiko likawashwa, kitanda kikawekwa, na kuanzia hapo ghorofa ile ikawa nyumba ya mwana. Akamwita Mogire chini, akamuuliza kama kazi imefuata ramani. Mogire akajibu ndiyo, Tata. Baba akaweka sahihi.

Nikamuuliza kwa nini hakumtuma mmoja wa vijana aliowaongoza apande. Akasema, "Ningemtuma mtu akamkague mwanangu, ingekuwa nimesema ni mwongo."

Sasa, mwingine angeishia hapo na kumhurumia. Mimi nilimhurumia, lakini kichwa changu kilikuwa kimeshahamia kwa Mogire. Nilirudi Nyamira siku nyingine, peke yangu, nikamtafuta fundi aliyejenga. Nilimuuliza kitu kimoja tu, huyo bwana alihamia lini. Fundi akacheka. Akasema alihamia mbao za kushikilia slabu zilipotoka tu, madirisha yakiwa hayana hata vioo, mama wa watu anapika upepo unampiga. Kuta zile za vyumba vidogo zilijengwa baada ya kuhamia.

Niambieni, ni nani anayempeleka mke wake katika nyumba isiyo na vioo, na huku milimani baridi ya Julai tunaijua? Wezi wa simiti hulindwa na mlinzi na mbwa. Mogire alijua kwamba katika wilaya nzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye sahihi yake ingepitisha jengo, na kwamba mtu huyo hawezi kuvuka mlango akishalala mle ndani mke wa mwanawe. Aliweka kitanda kama watu wanavyoweka kufuli. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na sijabadilika. Ila kulikuwa na swali jingine lililonikaa kooni, nalo ni kama baba naye alijua. Katazo ni kisingizio kizuri sana kwa mtu asiyetaka kuona.

Nikamwendea Injinia nyumbani kwake Gesima, nikamwambia kuna njia. Mwambie mwanao ahame kwa siku chache tu. Atoe kitanda, atoe jiko, mkewe aende kwao. Nyumba ikishakuwa tupu ni jengo kama jengo lolote. Utapanda, utaona, utatoa amri ya kubomoa zile kuta kabla wageni wa bodi hawajafika, na utawaambia umerekebisha kosa lako mwenyewe. Alinitazama kama mtu aliyeletewa maji. Akamwita Mogire, na akaniomba nibaki nisikie.

Mogire alikuja amevaa vizuri, akamsalimu baba yake kwa adabu, hakunisalimu mimi. Baba akamwambia ahame kwa muda mfupi. Akauliza sababu. Baba akamweleza kuhusu bodi na jina lake.

"Tata, hiyo haiwezekani," Mogire akasema. "Wapangaji wataenda, na hao watu wa Nairobi watakuja waende. Wewe waambie tu uliona."

"Sikuona."

"Nani atawaambia hukuona? Huyu?" Akanielekezea kidole. "Watu wetu wenyewe hawawezi kukuuliza kwa nini hukuingia kwangu."

Injinia hakupandisha sauti. Alimwambia mwanawe aende zake, mvua iko karibu. Mogire alipotoka, mzee akaendelea kukitazama kiti alichokuwa amekalia.

Wahandisi wa bodi walifika, mmoja Mzungu na mmoja mtu wa Pwani, wote waungwana. Walisikiliza katika ukumbi wa ofisi yetu. Mimi nilieleza nilichokiona juu, mwalimu akaeleza habari za mlango wake. Kisha yule wa Pwani akamuuliza Injinia kama alikagua sehemu ya juu kabla ya kuweka sahihi. Nilikuwa nimejitayarisha. Nilitaka asimame awaeleze chinsoni, awaeleze kitanda na madirisha yasiyo na vioo, nami nilikuwa na fundi nje akisubiri kuitwa.

"Sikupanda," akasema. "Niliandika nimekagua, na sikukagua."

Wakamuuliza sababu. Akasema hana sababu ya kuwapa. Nikainua mkono, naye akanigeukia, akaniambia kwa Ekegusii niketi. Wakati wa chai nilimfuata nje nikamwambia awaambie kuhusu desturi, ni watu wanaoelewa.

"Makori, desturi haikuweka sahihi," akanijibu. "Ilinikataza kuingia tu. Ningeweza kusema sitatoa cheti. Na nikianza kueleza habari za kitanda, mwanangu atalala jela."

Jina lake liliondolewa. Hatukuwa tena na mtu wa sahihi katika milima ile, na vijana wake wakaanza safari za kwenda Kisumu. Mimi nilipewa amri ya kulifunga jengo hadi kuta zibomolewe. Siku ya kuwahamisha watu nilikwenda mwenyewe. Mwalimu Kerubo alitoka kwanza na vitabu vyake. Kwamboka akatoka na masufuria. Mwisho Mogire na wachukuzi wakateremsha kitanda na godoro, vikawekwa kando ya barabara wakisubiri gari.

Nilipokuwa nakagua kama vyumba vyote viko tupu, nikasikia hatua kwenye ngazi. Alikuwa Injinia Ombongi, bila tai, bila karatasi. Hakuna aliyemwita. Alisimama mlangoni, akaniuliza kama wote wametoka. Nikasema wametoka wote. Akavuka.

Nilijibana pembeni nikamtazama, kwa sababu lile swali la kama alijua bado nilikuwa nalo. Mtu anayejua nyumba hutembea ndani yake kwa namna moja, na asiyeijua kwa namna nyingine. Ukumbini kulikuwa na giza, stima imekatwa, na milango ya vyumba imefungwa. Alitembea bila kusita, kwa mwendo wa mtu anayeifuata ramani yake kichwani, akahesabu nguzo kwa midomo, akageuka kushoto kuingia katika chumba kikubwa alichokichora. Paji la uso likagonga ukuta wa tofali.

Nilipofika karibu nilimkuta ameuwekea ukuta mikono yote miwili, anaupapasa kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nikamshika bega.

"Kumbe uko katikati kabisa," akasema. "Hata ningesimama mlangoni tu ningeuona."

Akakaa chini kwenye sakafu ile iliyolala, nikamwambia si salama, hakunisikia. Kisha akauliza kama Mogire bado yuko pale nje. Nikaenda dirishani nikachungulia. Alikuwa ameketi juu ya godoro lake kando ya barabara, anatazama upande gari litakakotokea. Nikamwambia yupo.

"Basi ngoja gari limchukue kwanza," mzee akasema, akijifuta uso kwa mkono wa shati. "Sitaki anione nikitoka kwake."